Aliyelazwa Ukumbini

Kamina, tarehe 3 Machi 1957

Mwanangu Ézéchias,

Utanisamehe nikitanguliza jambo kabla ya salamu, maana pumzi yangu siku hizi inakatika njiani, na sijui itanifikisha mstari upi. Nimewaficha kitu kwa miaka kumi na tisa. Bibi yako Kyabu, mama mzazi wa baba yako na wa mke wangu, hakufia relini. Hayumo katika lile kaburi la pamoja kando ya reli mnakokwenda kila Februari kupalilia. Siku ya ajali ya treni alifikishwa Kamina akiwa hai. Alilazwa katika ukumbi wa kulia wa hoteli niliyokuwa kapita wake, yaani msimamizi wa watumishi, akafia hapo alasiri, akazikwa hapa mjini, upande wa makaburi yetu sisi weusi, safu ya mwisho karibu na ukuta. Msalaba wake hauna jina. Una namba kumi na nne tu.

Hayo ndiyo. Sasa nakusalimu, wewe na mkeo na watoto. Shangazi yako Noémie ni mzima ila nyonga inamsumbua akiinama shambani. Amekaa hapa karibu yangu anachambua maharagwe, na kwa kuwa hakusoma, anadhani nakuandikia habari za mafuriko yenu. Ananiambia nikuulize kama mto umechukua na sufuria alizokupa siku ya arusi. Salomé wetu amejifungua tena huko Jadotville, mtoto wa kiume. Mzee Kapenda, yule mpishi wetu wa zamani, anapita kila Jumapili baada ya misa yake kunicheka: "Malachie, ninyi Bamethodisti hamunywe pombe, sasa maji gani hii imejaa mu miguu?" Daktari naye anaiuliza miguu hiyo hiyo, ila yeye hacheki.

Kanisani tumesikia kwamba Lualaba imepanda hadi mitaani kwenu, na kwamba watu wanalala ndani ya hoteli unayofanyia kazi. Niandikie. Hayo niliyoyasema juu, usimwambie shangazi yako kwanza.

Baba yako mlezi,
Malachie Kitwa


Bukama, tarehe 29 Machi 1957

Baba Malachie,

Nakusalimu kwa heshima, na shangazi pia. Sufuria zipo, mwambie. Mto ulichukua jiko lote na kuku saba, lakini sufuria mke wangu alipanda nazo juu ya dari kabla hajapandisha watoto. Watoto wamekohoa, sasa wamepona. Baba yangu Lazare yuko salama kwake, kule juu kwenye kilima.

Barua yako imenifikia zamani. Ningeweza kusema reli ilikatika, na kweli ilikatika, lakini kwa siku nne tu. Siku nyingine zote nilikuwa nayo mfukoni.

Nianze na kazi, maana kazi naweza kuieleza. Maji yalipopanda, Monsieur wetu, mwenye hoteli, aliwafungulia watu milango. Waliozama waliletwa pia, hakukuwa na mahali pengine pakavu. Tuliwalaza ukumbini watu kumi na mmoja, siku mbili, mpaka wakazikwa. Sasa maji yameshuka, wageni wamerudi, maofisa wa Base, kambi ya jeshi ya Kamina, na watu wa meli, na hoteli haifanani tena na hoteli. Vitanda vinatandikwa saa sita mchana. Mgeni akipiga kengele, watumishi wanaangaliana. Jana nilimwambia mtumishi mmoja, Mwila, apeleke kahawa meza ya katikati. Akasema:

"Kapita, minyi sipite pale. Bantu balilala pale."

"Walilala, wameondoka. Peleka."

"Peleka weye. Weye njo unavaa kola."

Wenzake wakacheka, nami nikaipeleka mwenyewe, na nusu yake nikaimwaga sahanini. Monsieur amenipa mpaka mwisho wa Juni. Hoteli isiporudi katika hali yake, anafunga ukumbi na kutuachisha kazi sote kumi na wanne. Nakumbuka nilipokuwa mwanafunzi nyumbani kwako, wazungu walikuwa wanasema hakuna hoteli inayohudumu kama ile ya Kamina, na kwamba ilikuwa hivyo zaidi baada ya ajali kuliko kabla yake. Mlifanyaje?

La pili. Kama ulikuwa kapita wa ukumbi ule, na bibi akafia ukumbini humo, kwa nini msalaba hauna jina?

Mwanao,
Ézéchias Kalenga


Kamina, tarehe 14 Aprili 1957

Mwanangu Ézéchias,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii. Shangazi yako amecheka habari ya sufuria kupanda juu kabla ya watoto, amemweleza kila jirani. Mvua inapungua. Mimi nalala nimekaa, mgongo ukiwa ukutani, kwa sababu nikijilaza nakosa hewa. Kichwa ni chepesi bado, namshukuru Mungu kwa hilo.

Sikiliza basi habari ya hoteli.

Wiki ya kwanza baada ya ajali hatukuwa na hoteli. Shuka arobaini zilichanwa zikawa bandeji, na mapazia ya ukumbi yakafuata. Majeruhi wazungu walilala vyumbani, weusi walilala ukumbini juu ya magodoro na milango iliyong'olewa. Wiki ya pili majeruhi waliobaki hai walipelekwa hospitali, sakafu ikasuguliwa kwa majivu na sabuni mara tatu, na Madame Odile, mwenye hoteli, akafungua ukumbi akidhani yamekwisha.

Wageni wakakaa, kengele ikalia, na supu haikuja. Zamani mtumishi alitoka jikoni akakatiza katikati ya ukumbi. Sasa wote walitoka nje, wakazunguka kwa baraza, wakapita kwenye mvua, wakaingia kwa mlango wa mbele. Supu ilifika ya baridi na matone juu yake. Mzungu mmoja wa reli akasema amekula supu mbili katika sahani moja, ya Kapenda na ya mawingu. Madame alipaza sauti, na watumishi wawili wakavua aproni wakaenda kwao. Nami nikawaamuru waliobaki wapite katikati. Kapenda akanijibu kutoka jikoni mbele ya wote:

"Weye njo kapita. Pita weye kwanza, tuone."

Sikupita. Ujue hilo. Mimi pia nilizunguka kwa baraza.

Ni Kapenda aliyepata dawa yake. Alisema watu hawaogopi sakafu, wanaogopa kwamba hao waliolala pale hawajaagwa. Kwetu hakuna maiti anayetoka nyumbani bila kuitwa jina na watu wake, na hawa walikuwa wametolewa mbio mbio kwa machela, ndugu zao hawajafika. Basi siku ya Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana, tulifunga milango. Mwalimu wetu wa Kimethodisti alikuja, na katekista wa Kapenda. Tulisimama kila mahali alipolala mtu, tukamwita jina lake, tukamwambia kwaheri, nenda kwenu, umetusumbua na tumekusumbua, yamekwisha. Kisha juu ya mahali hapo tukaweka meza. Na kila mtumishi akachagua meza ya mtu wa upande wa kwao. Wa Kabongo akachukua meza ya marehemu wa Kabongo, wa Mulongo akachukua ya mvuvi wa Mulongo.

Hapo ndipo huduma ilipobadilika, na si kwa sababu ya amri. Zamani kila mtumishi alihudumia meza yoyote, na mgeni hakuwa wa mtu. Sasa kila meza ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe aliitunza kama anavyotunza kiwanja cha ndugu yake. Kitambaa hakikukaa na doa. Mtumishi alijua kwamba mgeni wake hanywi kahawa na sukari, kwamba yule bwana mzee hasikii sikio la kushoto. Mgeni akihisi kwamba mtu anamngojea yeye na si mwingine, anarudi. Walirudi. Walipitisha treni ya kwanza wakangoja ya pili ili wale kwetu. Madame alidhani ni mafunzo yake.

Fanya hivyo. Usiwatolee hotuba. Waulize tu nani atachukua meza ya nani.

Waliofia ukumbini kwetu walikuwa tisa. Majina yaliyoitwa yalikuwa manane. Meza ya tisa, ile ya dirishani, hakuna aliyeichagua, na niliihudumia mimi mwenyewe kwa miaka kumi na minne, mpaka nilipostaafu.

Swali lako la pili nimelisoma.

Malachie Kitwa


Bukama, tarehe 2 Juni 1957

Baba yangu,

Habari za siku nyingi. Nakusalimu pamoja na shangazi. Huku baridi ya asubuhi imeanza, watu wanajenga upya, matofali hayatoshi. Mtoto wangu wa pili ameingia darasa la misheni na tayari anamsahihisha mama yake.

Nilifanya kama ulivyosema. Mwila alikuwa wa kwanza kubisha: "Sasa kapita iko padri?" Nikamwambia, sawa, mimi siitishi ibada, nauliza tu ni nani kati yenu alimjua yule mama muuza muhogo aliyelala karibu na kabati. Kisha Mwila mwenyewe akasema, "Alikuwa ananiuzishia kila siku. Alikuwa ananitukana vizuri sana." Watu wakacheka, halafu yeye akalia, halafu akaenda akasimama pale kwenye kabati na kumwita jina. Baada ya hapo haikuwa kazi. Kumi na mmoja wote tuliwaita. Leo meza ya kabati ni ya Mwila, na ole wake atakayeweka kisu vibaya juu yake. Monsieur ameniambia wiki iliyopita kwamba ukumbi haufungwi. Watu kumi na wanne wanakula kwa ajili ya barua yako. Asante, Baba.

Sasa nakiri kosa. Ulinikataza kumwambia shangazi, na sijamwambia. Lakini baba yangu Lazare nimemwambia. Alinikuta nasoma, akaniona uso. Nilimsomea barua zako zote mbili. Nilipomaliza, akauliza, "Tisa, na majina manane?" Akasimama, akaanza kutembea ndani ya nyumba. Akasema:

"Sasa naelewa. Ni buko."

Nami nikaelewa. Wewe ulikuwa mkwe wa bibi, na buko ina miiko yake. Mkwe wa kweli wa Kiluba hamkaribii mama mkwe, hali chakula mbele yake, hamuoni akiwa amelala wala akiwa bila nguo zake, na jina lake halitamki. Ulimkuta mama mkwe wako amelazwa sakafuni mbele ya macho yako, ukageuza uso kama mwanamume mwenye adabu. Hukuweza kuingia alipo. Hukuweza kumtaja kwa walioandika majina, wala siku ile majina yalipoitwa. Wamisheni walikufundisha kwamba mambo hayo ni upuuzi, ukaona haya kutueleza, ukatuambia alifia relini. Baba alilia, kisha akasema, "Nimekuwa namcheka shemeji yangu kwamba Bamethodisti bamemufanya muzungu. Kumbe alishika heshima ya mama yangu kuliko sisi wote."

Ameamua hivi. Mwezi wa Agosti ukoo wote utakuja Kamina. Seremala amekwisha kuchonga msalaba wa mti wa mulombwa wenye jina lake lote. Baba atamweleza shangazi yeye mwenyewe, kaka na dada, na pale kaburini atasimama mbele ya watu na kukushukuru kwa heshima uliyompa mama yao. Anajifunza maneno yake kila jioni, hata watoto wameyakariri.

Jitunze ufike Agosti. Usione haya tena.

Mwanao,
Ézéchias


Kamina, tarehe 17 Juni 1957

Mwanangu Ézéchias,

Nawasalimu wote. Nimefurahi kwa ajili ya ukumbi wenu, na kwa Mwila. Mwandiko huu usikushangaze, naandika mistari mitatu napumzika. Agosti sitafika, daktari hakunificha na mimi sikumwuliza mara mbili.

Msalaba uleteni. Hotuba isisomwe. Mwambie Lazare ninamwomba, na kama haniheshimu tena baada ya barua hii, basi namwomba kama mtu yeyote anavyomwomba mwingine.

Shangazi yako nimekwisha kumwambia. Nilimwambia leo asubuhi, kwa mdomo wangu, haya haya nitakayokuandikia, kwa sababu haifai ayasikie kwa kaka yake yakiwa yamepambwa. Alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini. Akaniuliza swali moja, nikamjibu. Kisha akajifunga kitenge akaenda kwa mke wa Kapenda. Uji wangu aliuacha juu ya jiko, umefunikwa. Sijui kama atarudi, na sitatuma mtu kumwita.

Haikuwa buko. Buko kati yangu na bibi yako ilikwisha mwaka 1931. Lazare alikuwa akifanya kazi mgodini wakati huo, ndiyo maana hajui. Nilimpelekea mama yake mbuzi na jembe jipya, kama inavyotakiwa ili mkwe aachiliwe, naye akapika, tukala sahani moja, akaniambia tangu leo niite Kyabu kama watu wengine wanavyoniita, nami nitakuita Malachie. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuja kwetu mara nyingi. Alinifundisha kukausha samaki bila kuwavunja. Na siku ile ya ajali alikuwa ndani ya treni kwa sababu mimi mwenyewe nilimwandikia barua kupitia mwalimu wa kwao, nikamwambia, Salomé amezaliwa, njoo umwone.

Unajua hoteli, kwa hiyo utaona kila kitu. Ilikuwa saa nane mchana. Ukumbi umejaa. Wageni wa vyumbani, wale ambao hawakuwa ndani ya treni, walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama, kama kumi hivi, na Madame Odile mbele yao. Mimi nilikuwa nimevaa koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Nilikuwa nimepewa ukapita wiki tatu kabla. Saa chache kabla ya majeruhi kuletwa, Madame alikuwa amewaambia wageni hao hao, nami nikisikia, kwamba Malachie wake si kama wengine, Malachie amestaarabika, hana msitu nyuma yake. Wengine wangekasirika. Mimi nilitembea na neno hilo asubuhi nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Waliingiza machela ya mwisho, wakaiweka chini ya dirisha. Alikuwa mwanamke mzee, amejaa matope, kitenge chake kimepotea, tumbo liko wazi na chale zote za Kiluba za wanawake wa zamani, zile ambazo misheni walitufundisha kuzicheka. Mguu mmoja ulikuwa umevunjika vibaya. Nilimtambua kabla hajafumbua macho. Nilichukua trei ya glasi za maji na kuanza kugawa kutoka upande mwingine wa ukumbi, pole pole, mtu baada ya mtu, nikihesabu kwamba huenda kabla sijafika dirishani wageni watachoka na kuondoka mlangoni. Hawakuondoka.

Akafumbua macho, akaniona. Akaita, "Malachie!" Sauti yake haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya mtu aliyefika nyumbani. "Malachie! Malachie, leta maji, mutoto wangu, minyi niko na kiu." Akainua mkono kunionyesha kwa mwanamke aliyelala kando yake, kama anayesema, unaona, nina mtu hapa.

Wageni wakageuka kunitazama. Mmoja akacheka, si kwa ubaya, nadhani. Karani wa serikali alikuwa anapita na daftari akiandika majina ya majeruhi, akasimama, kalamu tayari. Madame Odile akauliza kwa Kiswahili, maana na sisi alisema Kiswahili siku zote: "Malachie, huyu mama anakuita weye. Unamujua?"

Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Glasi moja ilikuwa imebaki juu ya trei.

Nikasema, "Hapana, Madame. Simujue uyu mama. Bote banajua jina yangu hapa."

Karani akaandika alichoandika, akapita. Madame alichukua ile glasi mwenyewe, akainama, akamnywesha. Mimi nilirudi jikoni kujaza trei, nikakaa huko mpaka Kapenda aliponiambia kwamba yule wa dirishani amekufa. Hakujua ni nani. Hajui hadi leo.

Shangazi yako aliniuliza kama mama yake alisikia nilichosema. Alisikia. Alikuwa ananitazama usoni nilipokuwa nasema, na baada ya hapo hakuniita tena.

Malachie Kitwa